Minyororo ya Dhahabu Nyumbani kwa Wakwe

Jamani, bora niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana mpaka leo nikienda ukweni kule karibu na Rubya napitia njia ya nyuma, ile ya kwenye migomba, na bado kuna mtu atanichungulia na kusema, "Minyororo huyo kaja!" Mtu mzima mimi, nina nyumba yangu Kitendaguro, nina mke na binti anayeitwa Koku, halafu naitwa Minyororo. Na haki ya kukataa sina, kwa sababu ile minyororo niliinunua mwenyewe, nikaipaka rangi mwenyewe, nikaining'iniza mwenyewe, na nilikuwa na akili zangu timamu (mke wangu hakubali hili la mwisho).

Ilikuwa hivi. Watoto wote wa mzee tulichangishana tukamjengea baba mkwe nyumba mpya, na kila mtu akapewa kazi yake. Shemeji yangu mkubwa akaleta tangi la maji, lile jeusi la plastiki, mimi nikasema gata na mabomba ya kushusha maji kutoka kwenye bati mpaka kwenye tangi niachieni. Kazi ndogo tu, lakini ndiyo mama mkwe aliyokuwa anaisubiri kuliko nyumba yenyewe. Miaka yote yule mama ameteka maji kwenye chemchemi ya bondeni, kile kilima nakijua, mimi mwenyewe nikikipanda mikono mitupu nasimama mara mbili, na sasa magoti yalikuwa yamemchoka. Tangi lilipofika tu akachukua kitambaa akaipangusa ile koki ikang'aa, akamwambia mke wangu, "Siku ya kubariki nyumba nitaifungua mwenyewe wageni wakiona, halafu kule bondeni basi."

Ningefunga mabomba yangu siku ile, leo ningekuwa mkwe mwema. Mabomba nilikuwa nayo! Shida ni simu. Nilikuwa nimekaa nyumbani napitisha picha za nyumba za watu, nikakutana na nyumba moja ya huko Ujapani, haina bomba hata moja, kwenye kona ya bati umening'inia mnyororo na maji yanashuka nao taratibu, pingili kwa pingili, yanang'aa. Nikaangalia mara ya kwanza, nikaangalia mara ya kumi. Nikajiona mimi ndiye mkwe wa kwanza Muleba nzima kuleta kitu hicho. Kesho yake nikarudisha mabomba dukani nikabadilishiwa minyororo, ile ya mageti, pamoja na makopo ya rangi ya dhahabu ya kupuliza.

Fundi wa nyumba alipoiona aliigeuzageuza mkononi. Akaniuliza, "Mkwe wetu, hii tunafunga nini?"

"Hatufungi kitu. Maji yanashukia humo."

"Maji yanashuka ndani ya mnyororo?"

"Juu yake. Yanaufuata."

"Yanaufuata kwa nini?"

Hapo ndugu zangu hata mimi sikujua yanaufuata kwa nini, kwenye picha yalikuwa yanaufuata tu. Nikachukua jagi, nikapanda ngazi, nikamimina maji pole pole kwenye gata na kweli yakaufuata, yakateremka vizuri mpaka chini, nikamwangalia fundi kama nimeshinda kesi. Akasema, "Waitu, ndugu yangu, jagi nimeliona. Mvua ya huku unaijua lakini?" Nikamwambia afunge. Tukaweka mmoja pale barazani mlangoni kwa ajili ya urembo, na mwingine ukaning'inia mpaka kwenye mdomo wa tangi. Alhamisi yakanyesha manyunyu, nikapigiwa simu kwamba maji yanapita kwenye mnyororo, basi nikajua tangi linajaa (kulichungulia sikuchungulia, na wala sijui kwa nini). Ijumaa usiku nikaenda, nikapuliza rangi ya pili, nzito kabisa.

Jumamosi wageni wakaanza kufika tangu asubuhi, wakakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kwenye vikapu vyake, na kila aliyetia punje mdomoni akawa anatafuna huku anatazama juu. Mzee mmoja jirani akamuuliza baba mkwe, "Mbwa mwenyewe yuko wapi?" Baba mkwe akaniita. Akatazama bati, akatazama mnyororo, akanitazama mimi, akarudi kwenye bati. "Baba Koku, hebu nieleze tena." Nikaeleza tena. Akaitikia kwa kichwa, lakini kile kichwa kilikuwa cha mtu anayeagana na mgonjwa. Nikaanza kuchanganyikiwa kidogo.

Padre alifika, sala zikaanza, tukasimama wote barazani na uani. Alipofika mlangoni na kuinua mkono kunyunyiza maji ya baraka, upepo wa ziwa ukaja na mvua yake, si manyunyu, mvua yetu hii mnayoijua, ya kukufanya usimsikie mtu wa pembeni. Maji yote ya bati la upande ule yakakimbilia kwenye kona, yakautazama mnyororo wangu, yakaupita! Naapa, yaliruka mbele kama yamesukumwa, mnyororo ukawa unachezacheza na kuwapiga watu mabegani, na kila ulipogusa uliacha dhahabu, kwa sababu rangi ya pili ilikuwa haijakauka. Kanzu nyeupe ya padre ikapata mistari. Yeye akajifuta uso akasema, "Naona nyumba hii imeamua kujibariki yenyewe." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, sijui nilikuwa nacheka nini.

Ndipo nikakumbuka tangi. Nikakimbia upande wa pili, nikakuta hali ni ile ile, maji yanaruka hatua nzima kutoka kwenye tangi, yanachimba shimo ardhini, na mdomo wa tangi unapata matone tu. Nikapanda kwenye kitako cha matofali kinachobeba tangi, nikaudaka mnyororo kwa mikono miwili nikauvuta ili maji yaufuate (bado nilikuwa naamini yataufuata!), nikauvuta tena, na gata lote la upande ule likang'oka likaja na mimi.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Ukweni kwangu wazee bado wanashika ile heshima ya zamani, mkwe na mama mkwe hawagusani, hata chai anaiweka mezani ndipo naichukua, salamu tunapeana kwa mbali. Na mama mkwe alikuwa ametoka jikoni na ndoo kuja kukinga chochote atakachopata, amesimama chini yangu kabisa. Nilimwangukia. Tena sikuanguka tu nikaisha, nilimshika mabega ili nisimwangushe, nikabaki nimemshika, na wageni wote walikuwa wameshazunguka nyumba kuona kimevunjika nini. Akina mama wakamwita mama kwa Kihaya, ukelele mmoja, "Mawe!" Nilitaka kuachia lakini mikono haikuelewa. Nilipoachia hatimaye, kwenye kitenge chake kipya, kila bega lilikuwa na kiganja changu cha dhahabu, vidole vyote vitano.

Mvua za hivyo hazikai, baada ya muda mfupi jua likatoka. Nilidhani mama mkwe ataingia ndani asitoke. Hapana. Akaenda kwenye tangi na zile alama mabegani, akaweka ndoo, akafungua koki kama alivyokuwa amepanga, wageni wakiona. Koki ikapiga pumzi. Ikakohoa. Ikatoa maji kama kikombe kimoja, yana rangi ya chai iliyomwagikiwa dhahabu, yakakatika. Akasubiri. Mimi nilimwomba Mungu yaongezeke hata kidogo, hayakuongezeka. Akaifunga koki taratibu, akaipangusa na kona ya kitenge, akamwaga yale ya ndoo, akachukua njia ya bondeni, kwa sababu wageni walihitaji chai na kunawa.

Wenzangu, kicheko kiliniishia pale. Nikachukua madumu mawili nikamfuata, na kwa kuwa sikujua kama mkwe aliyekwisha kumshika mama mkwe aendelee kukaa mbali au vipi, nilitembea hatua kama kumi nyuma yake, nikipunguza akipunguza, nikisimama akisimama kupumzisha magoti. Nilitaka kusema samahani, nikawa naitafuta kwa Kihaya, naitafuta kwa Kiswahili, zote naona hazitoshi. Tulipofika kwenye chemchemi akainama akateka, akaongea bila kugeuka.

"Baba Koku."

"Naam, mama."

"Ile minyororo yako ni imara?"

Nikasema ni imara sana, mama, ni ya mageti.

"Basi usiitupe. Mbuzi wangu anakata kamba kila siku."

Jumatatu nilikuwa mtu wa kwanza kwenye lile duka kuomba mabomba yangu, na jioni yake fundi alikuwa ameshayafunga pamoja na gata nililong'oa, alipiga tu mluzi kazi nzima. Tangi lilijaa wiki ile ile, na mama mkwe bondeni haendi tena. Nimeapa sitagusa tena kitu cha nyumba ya mtu kwa sababu ya picha, na kiapo changu kina mlinzi. Mbuzi yule anafungwa palepale kwenye njia ya nyuma ninayopita kujificha, mnyororo wa dhahabu shingoni, na kila akiniona analia mpaka ukweni wote wanajua nimefika. Nyumbani nako, mke wangu akinikuta nimekodolea macho nyumba za watu kwenye simu, hagombi wala haulizi, anapita tu nyuma ya kiti changu na kusema, "Meee."