Maziwa Ambayo Weris Hakuyaleta

Hibo alipika miaka mitatu katika kambi ya wajenzi wa barabara nje ya Modogashe, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza tofu, ile jibini ya maziwa ya soya. Mwalimu wake alikuwa mpishi wa Kichina ambaye Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu tu: maji, moto na bado. Hilo la mwisho ndilo alilolitumia zaidi. Hibo akitaka kufungua kitambaa cha kukamulia mapema, mpishi alimgonga kiganja kwa mwiko. "Bado!" Tofu ambayo haijakamuliwa maji hunyonya mafuta, ikavunjika kikaangoni, na viungo haivishiki.

Kambi ilipofungwa alirudi mjini Garissa, mtaa wa Waberi, nyumbani kwa baba yake. Mama alikuwa ameshafariki, na dada zake wameolewa mbali. Mzee Dubow alibaki na miaka yake sabini na kitu, na macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho hata akawa haoni ila vivuli. Alikuwa mtu wa ngamia tangu alipoanza kutembea. Saba waliosalia walichungwa na Keinan, mwana wa kaka yake, pande za Modogashe, na kila Ijumaa mzee alimpigia simu akaulizia hali zao mmoja mmoja, kwa jina.

Mwaka huo jongo lilimshika. Kidole gumba cha mguu kilivimba kikawaka kama kaa la moto, hata shuka likikigusa alilia. Daktari akamwambia apunguze nyama, na apunguze kweli.

"Nile nini basi?" mzee aliuliza walipofika nyumbani.

"Kuna maharagwe, Aabo. Kuna ndengu."

"Maharagwe ni ya jela na ya bweni. Mimi si mfungwa, wala si mwanafunzi."

Siku nne alikula wali mkavu na chai. Siku ya tano Hibo alishindwa kuvumilia, akaenda sokoni akanunua soya.

Aliziloweka jioni. Asubuhi, mzee akiwa ameketi nje ya msikiti na wenzake, alizifikicha maganda yakaelea, akazisaga kwenye blenda na maji mengi, akazichuja kwa kitambaa cheupe cha pamba. Yale maziwa aliyaweka jikoni na hakuyaacha hata kidogo, maana huumuka ghafla yakamwagika. Yalipotokota vizuri aliyaepua, akamimina maji ya ndimu kidogo kidogo huku akikoroga polepole. Yakakatika: mabonge meupe juu, maji ya manjano chini. Akayafunga kwenye kitambaa, akayakandamiza kwa kinu. Mara mbili alitaka kufunua, mara mbili akajizuia. Alipofungua hatimaye, kipande kilikaa imara kwenye kiganja. Alikikata vipande vidogo, akavipaka chumvi, manjano na viungo vya hawaji, akavikaanga hadi vikageuka rangi ya dhahabu, kisha akavitia kwenye mchuzi wa vitunguu na pilipili hoho.

Baba yake alitia kipande mdomoni, akatafuna taratibu. Akachukua kingine.

"Hii ni nini, Hibo?"

Alikuwa na nafasi ya kusema. Baadaye aliirudia nafasi hiyo moyoni mara nyingi, akijisikia akijibu, "Ni soya, Aabo, ni jamii ya maharagwe, lakini onja tu." Lakini mzee alikuwa anakula, baada ya siku tano anakula kwa hamu, naye akaogopa kumkatiza.

"Ni maziwa ya ngamia," alisema. "Yamegandishwa."

Mkono wa mzee ulisimama hewani. "Ya ngamia?"

"Ndiyo. Weris ndiye huniletea."

Weris alikuwa mama muuza maziwa wa mtaani, mjane mwenye madumu mawili na ulimi mtamu. Jina lake ndilo lililokuwa karibu. Mzee alikibonyeza kipande kwa vidole, kisha akasema, "Mashaallah. Dunia imeendelea," akaendelea kula.

Miezi ikapita, na lile neno moja likadai mengine. Leo kwa nini ni laini kuliko jana? Maziwa yalikuwa na maji mengi, Aabo. Weris hajambo? Hajambo, anakusalimu. Ngamia wake wanalishwa wapi? Hibo akataja sehemu. Kidole kilipungua uvimbe, mzee akaanza kutembea tena hadi msikitini bila mkongojo, na kila baada ya swala alimwombea dua Weris, mwanamke aliyempa raha bila nyama. Hibo aliisikia dua hiyo akiwa jikoni. Alijiambia, nitamwambia wiki ijayo. Nitamwambia baada ya Idi. Idi ikaja ikapita.

Kisha ikafika Ijumaa moja. Hibo alikuwa anaandika orodha ya vitu vya sokoni, baba yake akizungumza na Keinan kwenye simu, mara akamsikia akisema, "Yule ngamia mtamba mwekundu, mtenge. Nimempa Weris, muuza maziwa wa hapa Waberi. Wazee wa msikitini nimewaambia asubuhi, ni mashahidi. Mlete wiki hii."

Aliiweka kalamu chini. Alisubiri simu ikatwe, akapiga magoti kando ya mkeka.

"Aabo, Weris hajawahi kuleta kitu."

"Nini?"

"Si maziwa ya ngamia. Ni soya. Natengeneza mwenyewe, nilifundishwa kule kambini. Niliogopa ungekataa."

Mzee Dubow hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa zito zaidi. Alipapasa mkeka mpaka akaupata mkono wa binti yake.

"Aabo," alisema, maana baba wa Kisomali, akimpenda mtoto, humwita kwa neno lile lile analoitwa yeye, yaani baba. "Miaka sitini nimekamua ngamia. Maziwa yake hayagandi hivyo. Ukiyaweka hata siku tatu hayakai mkononi kama jiwe. Siku ile nilijua kuna kitu hakikai sawa. Halafu nikajiambia, mimi mzee kipofu, watu wa leo wamegundua dawa zao. Hibo amesema. Nikayaacha niliyoyajua, nikachukua uliyoyasema wewe."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini ungeniambia ni maharagwe ningepiga kelele siku moja, mbili, kisha ningekula. Njaa ingenifundisha."

Hibo alimwomba ampigie Keinan, ngamia asiletwe. Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa amelitamka mbele ya watu, na hakuwa tayari kusimama msikitini aeleze kuwa binti yake alimdanganya. Kwa hiyo ni Hibo aliyekwenda kwa Weris.

"Mimi? Ngamia? Nimefanya nini mimi?" Weris alicheka, akidhani ni mzaha. Hibo akamweleza yote, hakuficha. Kicheko kikakatika. "Simtaki," Weris alisema. "Mrudishieni mzee mali yake." Alikuja mwenyewe kumwambia hivyo, lakini mzee alimsikiliza kwa adabu, akamwagizia chai, akamwambia neno lake limeshatoka. Mtamba alifika Jumatano na lori la mifugo. Mzee alitoka nje akampapasa shingo, sikio na nundu, kisha akamkabidhi Weris kamba.

Hibo bado anatengeneza tofu, na baba yake bado anaila, tena husema ni nzuri. Kidole hakijarudi kuvimba. Wageni wakija mzee huwaambia waziwazi, "Onjeni, ni maharagwe haya," na watu hucheka.

Ila sasa haanzi kula chochote kabla ya kuuliza. Hibo akiweka sahani, mzee hunyoosha vidole, hugusa ukingo, hunusa, kisha huuliza kwa upole, bila lawama, "Hii ni nini?" Huuliza wali. Huuliza mkate wa anjera. Juzi Hibo alimpelekea bilauri, mchana wa jua kali, naye akaishika kwa mikono miwili bila kunywa.

"Ni nini, Hibo?"

"Maji, Aabo," alijibu. "Ni maji tu." Akasimama pale pale mlangoni kumngoja anywe.