Ngozi Iliyochuja Rangi

Mimi sikusoma. Chuoni niliishia juzuu ya pili, na skuli ya serikali niliiona kwa nje tu. Nyumba hii ya mawe ninayokaa hapa Amu nimeijenga kwa msumeno wangu. Kwa hiyo mtu akiniita muongo, hata kwa uzee huu, sistahimili. Nilipokuwa kijana sikuwa na ukoo wa kutajwa wala urithi wa kungoja. Nilikuwa na neno langu, basi.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla msitu haujafungwa kwa sababu ya vita, nilikuwa mpasuaji mbao huko bara, juu mlimani, mahali ambapo asubuhi vidole havikunjiki kwa baridi. Huko ndiko nilikomwona bongo. Ni mnyama wa kula majani, mkubwa kama ng'ombe, mwekundu, ubavuni ana mistari myeupe kana kwamba amechorwa kwa chokaa. Pembe zimejipinda, dume na jike wote wanazo. Wako wenyeji wa mle msituni waliozeeka wasimwone. Mimi nilimkuta penye mti uliopigwa na radi, anatafuna makaa ya mti huo. Mwingine alinaswa na mtego wa mwindaji mmoja, na kwa kuwa kambini tulikuwa Waislamu watatu, nikaitwa nimchinje. Nikasoma bismillahi, nikamchinja kwa mkono huu. Nikapewa kipande cha ngozi.

Niliporudi nikaposa. Baba wa binti alikuwa na duka la nguo hapa Amu, mtu wa mji hasa, na mimi ni mtu wa Mbwajumali, kijiji cha kisiwa jirani. Hata hivyo hakunifukuza. Alinikalisha dakani, kwenye baraza la mlangoni, baada ya alasiri, pamoja na ndugu yake, akaniuliza huko bara nimeona nini. Ningesema nimeona garimoshi, mambo yangekwisha. Nikamweleza bongo.

"Mnyama ala makaa?" akauliza.

"Ala, bwana. Na mvua ikimnyea, maji hushuka mekundu. Rangi yake huchuja."

Ndugu yake akaweka kikombe chini. "Kisiwani Manda hapo ng'ambo pana wanyama tele, na sijaona hata mmoja akikoka moto. Nti hiyo iko wapi, bwana?"

Baba mtu hakucheka. "Binti yangu simpi mtu wa hekaya. Lete hiyo ngozi niione kwa mato yangu."

Ngozi ilikuwa kwa mama, Mbwajumali. Siku nne za kwenda na kurudi, kazi nimeiacha. Nikaitandaza pale dakani, na mistari yake yote ikaonekana. Baba mtu akainama, akaipapasa, nikaona uso unalainika. Ndipo yule ndugu yake alipochukua birika, akamwagia maji, akasugua kwa upindo wa kanzu yake nyeupe. Kanzu ikashika wekundu.

"Hina," akasema. "Hata bibi harusi hapakwi nyingi hivi."

"Si niliwaambia kuwa huchuja?"

"Ulituambia kwa kuwa wajua umeipaka."

Nilichosema kikiwa kweli, ndicho kinachoniumbua. Kama ngozi isingechuja wangesema nimedanganya, imechuja nimedanganya. Nikaapa. Wakaniambia nisimtaje Mungu kwa ajili ya kipande cha ngozi.

Baba mtu akanivuta kando. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule uliniudhi kuliko dhihaka. "Kijana, mkono wako wa kazi naujua. Sema mbele ya ndugu yangu kwamba ulikuwa ukitania, tusome fatiha ya posa leo hii."

Kisha nikarudi, nikasema, "Nilikuwa nikitania." Wakacheka, nikapigwa bega, kahawa ikaja. Tukasoma fatiha.

Siku za fungate mke wangu, ambaye alikuwa amesikia yote kutoka ndani, aliniuliza, "Mnyama yule yupo?"

"Yupo. Nimemchinja mwenyewe."

"Mbona ulimkana?"

"Nikupate wewe."

"Mimi nilikuwa nimemwambia mama kwamba hutamkana," akasema. "Na kwamba baba akikukataa, nitakungoja."

Tumeishi vizuri, tumezaa. Lakini tangu siku ile, kila nilipomweleza jambo la safarini, alinitazama kwanza, ndipo akaitikia.