Mtori wa Mama Eliza na Zamu ya Alfajiri

Siku yangu ya kwanza kazini kama mwinjilisti, Mchungaji Kiongozi wa usharika wetu kule Mabibo alinipa niongoze maombi ya alfajiri. Niliomba, jamani! Nikaombea wagonjwa, wajane, wanafunzi wa hosteli, hadi nyanya za sokoni zisioze. Nilipofika amina nikatulia nisifiwe.

"Mama, umesema vizuri sana," akaniambia. "Sasa Mungu angeingilia wapi?"

Nilinuna hadi mchana. Lakini ndivyo alivyotufundisha kazi. Zamu ya alfajiri ilikuwa ya kila siku, inyeshe isinyeshe: zaburi moja, maombi, halafu kimya kirefu tulichokiita kusubiri. Mtu akija na jambo zito, hatukumpa jibu palepale. Tulimkaribisha kwenye zamu, aje kesho na keshokutwa, mpaka aelewe mwenyewe.

Nilihamishiwa Temeke, mwisho Kibamba, chini ya wachungaji wapole na mmoja mkali kama pilipili kichaa, na zamu yangu nikaenda nayo kote. Sasa nimestaafu. Magoti hayapigiki tena, kwa hiyo alfajiri naketi kitini, na bado naongea mno kabla ya kunyamaza. Vijana wa uinjilisti wananiulizaga, "Shikamoo mama, hivi Mungu anasikikaje?" Mie nawasimulia ya Mama Eliza.

Huyu alikuwa muuza ndizi pale Kibamba, Mchaga mwenye msimamo wake. Binti yake wa pekee, Eliza, aliolewa Temeke na Hamisi, mchonga vinyago, kijana Mwislamu mwenyeji wa Lindi. Mama mtu akaapa hakanyagi kwao. Sasa Eliza akawa mjamzito, karibu kujifungua. Na kwa Wachaga, binti akizaa, mama yake ndiye humpikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na kumlea uzazi. Asipokwenda safari hii, nilijua mama na binti hawatapatana tena.

"Mwinjilisti, mwambie Mungu anirudishie mwanangu," akaniambia.

"Mwambie mwenyewe. Kesho alfajiri."

Akaja. Mwanzoni aliomba kwa hasira: Bwana, mwondoe yule kijana! Kisha tunanyamaza, nasikia pumzi zake tu. Alikuja hivyo wiki baada ya wiki. Kidogo kidogo "yule kijana" akawa Hamisi. Siku moja akamwombea patasi isimkate mkono, maana, alisema, mjukuu wangu atakula nini? Nilitamani kumrukia kwa mahubiri, na mdomo wangu mnaujua, lakini nikauma ulimi.

Asubuhi moja alikuja kwenye zamu na habari kwamba Eliza amejifungua salama, mtoto wa kike. Akapiga magoti, na kabla sijafungua zaburi akainuka.

"Vipi, umesikia nini?" nikamuuliza.

"Sijasikia sauti yoyote. Ila nimefungua kinywa niombe Eliza arudi, maneno hayaji. Yamekwisha! Kila nikifumba macho naona mtori. Mtori tu, Mwinjilisti!"

Tulicheka hadi machozi. Nilimpenda sana mama yule siku ile. Tukaenda kwake kumenya ndizi, na jioni tukafika Temeke, yeye kakumbatia hotipoti kifuani.

Mlangoni alitupokea Bi Somoe, mama yake Hamisi. Mama Eliza akasimama kama kapigiliwa misumari.

Bi Somoe akamtazama, akaitazama na hotipoti. "Ingia, mwenzangu," akasema. "Mie kila nikiswali nakuombea ufike."

Mama Eliza aliangua kilio palepale kizingitini. Chumbani mtoto akaacha kulia, na sauti ya Eliza ikatoka taratibu.

"Mama? Ni wewe?"

"Ni mie, mwanangu. Nimekuletea mtori."