Ngoja ya Vidole Vitano

Sisi wa Mji wa Kale tuna namna ya kusema "ngoja" bila kufungua mdomo. Unakusanya ncha za vidole vyote vitano, unazielekeza juu, unautikisa mkono kidogo. Mwenye duka humfanyia mteja akiwa kwenye simu. Mama yangu alinifanyia akivuta uradi baada ya swala. Sikujua kwamba mkono wangu ungeendelea na mazoea hayo chini ya bahari.

Aliyetaka kuiona meli ni mke wangu. Ni meli kuukuu, ilizamishwa makusudi nje ya mwamba ili iwe nyumba ya samaki, na yeye, anayefundisha biolojia huko Tudor, ameichora ubaoni miaka mingi bila kuiona. Mimi nilijifunza kupiga mbizi kwa sababu nilishasema mbele ya wakwe kwamba si jambo kubwa. Mpiga mbizi hashuki peke yake, basi nikawa mwenzake. Ilikuwa safari ya mwisho kabla bahari haijachafuka kwa miezi.

Tulishuka tukifuata kamba, mwalimu wetu, binti wa bara, akitutangulia. Mara nikauona mlingoti, umeota majani, na chini yake sitaha ikipotelea gizani. Moyo ukanienda mbio. Mke wangu alikuwa ameshanyosha mkono kuugusa. Mwalimu akanigeukia, akauliza kwa ishara kama niko sawa. Nikakusanya vidole kifuani: ngoja.

Kwa wapiga mbizi, ngumi kifuani ni kusema hewa yako yakaribia kwisha, na mle majini vidole vyangu vilionekana ngumi. Mwalimu hakungoja. Alitupandisha sote.

"Mzee, mbona umemaliza hewa haraka hivyo?" akaniuliza botini, akiishika geji yangu ya hewa. Mtungi ulikuwa bado umejaa karibu wote.

"Nadhani mshale umekwama," nikasema, mimi mwenye digrii mbili.

"Haukukwama," mke wangu akasema, akijifuta uso. "Alikuwa akikwambia ungoje. Ameogopa."

Nahodha akacheka. "Meli ishazama, bwana. Yaenda wapi hata uiambie ngoja?"

Mwalimu akaniomba radhi kwa kutonielewa, nami nikaipokea radhi hiyo kama haki yangu. Kisha akamgeukia mke wangu. "Mama, hewa yako ingalipo. Turudi?"

Mke wangu akanitazama. Alikuwa akinipa nafasi, naye hanipi nafasi mara nyingi.

"Nendeni tu," nikasema. "Sikio laniuma."

"Haya, baba watoto. Lipumzishe." Akavaa miwani yake, akajitupa majini kinyumenyume bila kunitazama tena.

Nilitazama viputo vyao vikipanda kwa pamoja. Ningependa kusema nilijuta. Nilichosikia ni nafuu, tena nafuu tamu, jua likinipiga mgongoni.

"Sikio lipi?" nahodha akauliza.

Ikanibidi nifikiri.