Mwalimu wa Mama Upepo

Naweka dau jogoo wangu, yule mwekundu anayewika kabla ya muadhini, kwamba mkimaliza kusikia habari hii hakuna hata mmoja wenu atakayeiamini. Jogoo ni wa kweli na habari ni ya kweli, ila jogoo ana mashahidi wengi zaidi.

Palikuwa na mtu Tabora, enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya vita vya Hitla, anaitwa Tobias Masolwa. Mnyamwezi, mzaliwa wa Kigwa. Shule ya mapadri aliiacha darasa la pili, na mwenyewe alisema aliiacha kwa sababu yaliyobaki alikuwa anayajua. Kazi yake ilikuwa kubeba mkoba wa fimbo za gofu kwenye klabu ya Wazungu. Watu wa kazi hiyo waliitwa makedi. Mzungu anatangulia mikono mitupu, kedi anafuata na mkoba begani. Kimpira kikipotea majanini, kedi anakitafuta. Mzungu akikosea kupiga, kedi anatazama pembeni.

Masolwa hakutazama pembeni. "Kiwiko, bwana," alikuwa akisema. "Kiwiko kimetoka nje kama bawa la bata." Wazungu wengine walimfukuza. Wengine walimsikiliza, kiwiko kikarudi ndani, mpira ukaenda. Basi Masolwa akajipa ualimu, bila cheti na bila kuulizwa.

Uwanja wenyewe msiufikirie majani mabichi. Kiangazi udongo ulikuwa mgumu kama kigae, vichuguu vimesimama kila upande, na pale pa kuingizia mpira palikuwa duara la mchanga lililomwagiwa oili chafu ya magari ili usipeperuke. Na shimo la tatu lilikuwa na balaa lake. Njia ya zamani ya misafara ilikatiza katikati. Miguu ya wapagazi ilikuwa imeula udongo miaka na miaka, njia ikadidimia, ikawa mtaro. Mtu akipita ndani unaona kichwa tu kinatembea. Mpira usiopaa ulikuwa unaishia humo.

"Mtaro huo kachimba baba yangu," Masolwa alikuwa akisema. "Kwa nyayo. Kapita hapo na pembe ya ndovu begani mpaka Bagamoyo, karudi na majora ya kitambaa, na hakupumzika."

Mpishi wa klabu, Mabruki, alikuwa Mzaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu misafara hiyohiyo, na mtani ukimkasirikia unachekwa wewe. "Baba yako alibeba pembe," Mabruki alisema kutoka mlango wa jiko, "wewe unabeba vijiti. Mwanao atabeba nini, mtani? Njiti za kiberiti?"

"Na baba yako alikuwa wapi baba yangu alipofika pwani? Kajibanza nyuma ya mnazi, anachagua mzigo wa kuiba."

"Na aliiba. Ndiyo maana mimi napika nyama na wewe unanusa."

Siku zikaenda hivyo, mpaka mzee Lugembe, nyampara wa makedi, alipochoka akarudi kwao Nzega. Cheo kikabaki wazi. Cheo si kitu, ila nyampara alikuwa anapewa nyumba nyuma ya klabu, vyumba viwili vya matofali, juu bati. Masolwa alikuwa amepanga Isevya, nyumba ya nyasi. Mchwa walikuwa wamezila pau, na mkewe, Nyamizi, alikuwa na mtoto mchanga kifuani aliyekohoa masika yote yaliyopita. Mvua zilikuwa zinakuja tena. Nyamizi alishasema masika mengine hakai humo. Atachukua wanawe arudi kwa mama yake Kigwa, na mwanaume atabaki na nyasi zake. Nyamizi hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Sasa sikilizeni jinsi mdomo unavyofanya kazi. Siku moja Masolwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, anajisifu. "Nipe mtu yeyote," alisema. "Nipe kiwete. Nitamfundisha, na mpira wake utapaa juu ya njia ya misafara."

"Yeyote?" Mabruki aliuliza. Alikuwa anamenya viazi na uso wake ulikuwa umetulia mno.

"Yeyote."

"Hata Mama Upepo?"

"Hata Mama Upepo! Huyo ndiye kabisa. Nipe Mama Upepo!"

Mabruki hakuuliza tena, kwa sababu nyuma ya Masolwa alikuwa amesimama Bwana Tumbaku, Mzungu katibu wa klabu, ambaye kiko hakikumtoka mdomoni hata akipiga chafya. Mabruki alikuwa amemwona tangu mwanzo.

"Vema," Bwana Tumbaku alisema. "Mashindano ya mabibi yako karibu. Siku hiyo mpira wa memsahibu huyo ukivuka njia ya misafara, wewe nyampara, na nyumba yako. Usipovuka, Ngollo."

Ngollo alikuwa kedi mwenzake, mtu asiyesema kitu. Alikuwa amekaa palepale kivulini anakula mhogo, na hata kichwa hakuinua.

Mama Upepo mwenyewe alikuwa mke wa bwana mmoja wa reli, mgeni kutoka Ulaya. Jina makedi walimpa kwa sababu fimbo yake haikugusa kitu ila upepo. Aliinua, alizungusha, ikalia vuuu, na kimpira kikabaki kimekaa kinamtazama. Kiswahili alikuwa amejifunza nusu kitabuni, nusu kwa boi wake.

"Masolwa," alisema siku ya kwanza, "mimi piga, mpira hapana kwenda."

"Mpira haujaguswa, memsahibu. Uende wapi?"

Masolwa alianzia miguuni. "Umesimama kama unangoja treni. Tanua miguu, ilingane na mabega. Sasa magoti, kunja kidogo, kama umetaka kukaa halafu ukakumbuka kiti hakipo. Hapohapo. Bakia hapo."

Hakuweza kumshika mkono wala bega, maana Mswahili kumshika mke wa Mzungu ilikuwa safari ya jela. Ilibidi kila kitu akiseme au akionyeshe. Basi akaleta kigunia cha mchanga, akakiweka chini, akamwambia memsahibu ajitwike begani. Memsahibu akakivuta kwa mikono, kikamshinda. Mabibi wengine walikuwa barazani wanakunywa chai, wakacheka. Yeye hakuwatazama.

"Mikono ni kamba tu," Masolwa alisema. "Mpagazi wa Kinyamwezi hanyanyui kwa mikono, angekufa kabla ya Ugogo. Tazama." Akajitwika yeye. Kiuno kikageuka, mgongo ukatazama alikokuwa anaelekea, uzito wote ukakaa mguu wa kulia. Kisha akarudi, uzito ukahamia mguu wa kushoto, tumbo likatazama mbele, na kigunia kilikuwa begani. "Umeona? Hiyo ndiyo gofu. Wenyewe hawajui tu kwamba walituiga."

Memsahibu akajitwika kigunia. Siku ya pili akajitwika tena. Baadaye Masolwa akamwondolea kigunia, akampa fimbo, akamwambia ageuke vilevile, pole, bila pupa. Na kichwa? Kichwa kibaki. "Usiutazame mpira unakokwenda. Nitakwambia mimi. Wewe tazama pale ulipokuwa."

Fimbo ikagusa mpira. Memsahibu akapiga ukelele, na Masolwa akazunguka klabu nzima akitangaza, mpaka Mabruki akamwambia akalale.

Ila mpira haukupaa. Kila akipiga, ulikimbia chini kwa chini kama kanga aliyeona mbwa, ukafika kwenye njia ya misafara, ukatumbukia. Masolwa akashuka mtaroni kuutoa. Akapiga tena, ukatumbukia tena.

Masolwa akatafuta kosa, na akaliona, kwa macho yake mwenyewe. Mkono wa kushoto. Memsahibu alikuwa ameukamata mpini kwa mkono wa kushoto kwa nguvu zote, umekaa juu, umejaa mamlaka. Na huko Kigwa mtoto akinyoosha mkono wa kushoto kupokea kitu, hapewi, na akirudia anachapwa. Masolwa alikuwa amechapwa, na wanawe alikuwa amewachapa.

"Mkono huo legeza, memsahibu. Huo ni wa kusindikiza. Kazi yote ni ya kulia."

"Lakini mkono hii nataka kazi."

"Mkono huo haupewi kazi mbele za watu."

Alisema kama mtu anayesoma sheria za gofu. Memsahibu akaangalia mkono wake, akaulegeza. Wa kulia ukapiga. Mpira ukakimbia chini kwa chini, safari hii ukipinda pia, ukagonga kichuguu, ukarudi.

"Hivyo hivyo," Masolwa alisema. "Unaanza kuzoea."

Hakuzoea. Wiki ya mashindano mvua ya kwanza ikaja mchana, ghafla, na Masolwa alipofika Isevya alimkuta Nyamizi ametandaza sufuria, bakuli na karai sakafuni, kila kimoja kinapokea tone lake. Mtoto alikuwa mgongoni, amefunikwa kanga mbili. Anakohoa.

"Mama Flavia, bado kidogo," Masolwa alimwambia mkewe. "Yule mama anakaribia."

"Na Ngollo anamfundisha nani?"

"Ngollo? Hafundishi mtu."

"Basi yeye ndiye mwenye akili," Nyamizi alisema, akamwaga karai nje.

Siku ya mashindano jua liliwaka. Uwanja ulikuwa na mashimo tisa na mabibi waliuzunguka mara mbili, kwa hiyo shimo la tatu lingepitwa mara mbili. Masolwa alibeba mkoba wa memsahibu. Bwana Tumbaku aliweka kiti chake hapohapo, upande wa pili wa njia ya misafara, akakaa na kiko chake. Mabruki alikuwa ameacha sufuria za watu motoni, amekuja kutazama.

Mzunguko wa kwanza, memsahibu akasimama vizuri. Miguu sawa, magoti sawa, akageuka kama mwana wa mpagazi. Masolwa akasema kwa sauti ya chini, "Kulia, memsahibu. Kulia." Fimbo ikashuka. Mpira ukatambaa, ukafika ukingoni, ukasita kidogo, ukaingia mtaroni.

"Umekwenda kumsalimia baba yako!" Mabruki alipaza sauti. Makedi wote wakacheka. Ngollo hakucheka. Alikuwa anaitazama ile nyumba ya bati, anapima kwa macho kitanda chake kitakaa upande gani.

Wakazunguka. Njia yote Masolwa hakusema neno, na kwa waliomjua hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko mashindano. Walipofika tena shimo la tatu, memsahibu akapokea fimbo, akasimama, kisha akageuka akamtazama.

"Masolwa. Mimi mtoto, mwalimu alifunga mkono hii na kamba. Niandike na ile ingine. Mimi mashoto."

Neno mashoto alilitamka sawasawa, sijui nani alimfundisha. Masolwa akafungua mdomo. Memsahibu akamwambia, "Wewe nyamaza kidogo."

Akaukamata mpini kwa kushoto kama alivyoukamata siku ya kwanza. Akageuka kiuno, uzito ukakaa nyuma, mgongo ukatazama mbele, yote aliyofundishwa. Kisha akarudi, na mkono wa kushoto ndio uliovuta fimbo, ule wa kulia ukafuata tu. Mlio ulikuwa mwingine. Si vuuu, ni tak, kama ukuni mkavu ukivunjika. Kichwa chake hakikuinuka. Alikuwa bado anatazama pale mpira ulipokuwa.

"Uko wapi?" aliuliza.

Mpira ulikuwa juu. Ulipita juu ya njia ya misafara, juu ya kiti cha Bwana Tumbaku, ambaye kwa mara ya kwanza kiko kilimtoka mdomoni, ukadunda mbali kwenye udongo mgumu, ukaendelea.

"Umevuka, memsahibu," Masolwa alisema. "Inua kichwa uone."

Makedi walipiga mbinja. Mabruki alivua kofia yake ya upishi akaitupa chini, akaikanyaga, akasema Wanyamwezi ni wachawi wote, baba na mtoto. Memsahibu hakushinda mashindano, alikuwa wa mwisho kama kawaida, ila jioni hiyo barazani hakuna aliyecheka.

Bwana Tumbaku alimwita Masolwa nyuma ya klabu, mbele ya ile nyumba. Akampa funguo. Masolwa akazitia mfukoni haraka, kabla Mzungu hajawaza tena, na kichwani alikuwa tayari anamhamisha Nyamizi, karai na yote. Akaanza kusema kwamba tangu siku ya kwanza alijua, kwamba hata usingizini angemfundisha yule mama, kwamba Dodoma nzima na Mwanza nzima hakuna mwalimu kama yeye.

"Ndiyo, ndiyo," Bwana Tumbaku alisema. Alikuwa ameshika fimbo yake mwenyewe. "Mpira wangu pia unakimbia chini tangu mwaka jana. Nionyeshe ulivyomfundisha. Mkono upi unafanya kazi?"

Mabruki alikuwa amesimama mlango wa jiko, anasikia kila kitu, anangoja. Ngollo naye alikuwa ameegemea ukuta, mhogo mkononi. Masolwa alizigusa funguo kwa nje ya mfuko. Angeweza kusema chochote, na Bwana Tumbaku angekifuata.

"Wa kushoto, bwana," alisema. "Mimi nilimwambia wa kulia. Nilikosea."