Tanuri Linalojifunga

Shangazi yangu wa Kibenga alikuwa akichomoa chungu motoni kikiwa bado chekundu. Alikishika kwa koleo refu, akakiweka chini, akakinyunyizia maji ya magome ya mti aliyoyachemsha tangu asubuhi. Chungu kilipiga kelele, kisha kikabaki na madoa meusi na ya kahawia ambayo hata yeye hakuweza kuyarudia. Nilipomwambia kwamba Wajapani nao huchomoa vyombo vyao vikiwa vyekundu, na kazi hiyo wanaiita raku, aliuliza nani aliwaonyesha.

Majirani walipochoka na moshi wa kuni, akaamua kununua tanuri la umeme. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, napanga chumba mtaa wa Mutanga Sud, na katika ukoo wetu aliyesoma hudhaniwa kujua mashine zote. Akanipa kazi ya kuchagua. Sharti lake lilikuwa moja.

"We chagua yenye unaona," alisema. "Lakini ifunguke ikiwa bado na moto. Bila hivyo mi sina kazi."

Nilisoma miezi miwili. Nilijaza daftari zima habari za matofali, nyaya na unene wa kuta. Kila nilipofumba macho niliona koleo la chuma likigusa nyaya za ndani, shangazi yuko sakafuni, na ukoo mzima unauliza nani alichagua.

Mzee mmoja wa Kiislamu mwenye duka mtaa wa Asiatique, ambaye huagiza mashine kutoka nje, alinionyesha picha mbili. Tanuri la kwanza lilikuwa na mlango wa mbele, na swichi inayokata umeme mara mlango unapofunguliwa; ndilo watu wa raku hutumia. La pili lilikuwa na kifuniko cha juu kinachojifunga mpaka joto liishe. Alinieleza mara tatu, akanitania kwamba nikichagua mke namna hii bibi harusi atazeekea ukumbini. Nikamuuliza, swichi ikiharibika je? Akasema kila kitu huweza kuharibika, lakini inshallah haitaharibika.

Hiyo inshallah ndiyo iliyonimaliza. Niliagiza la kifuniko.

Ningeweza kumwambia shangazi kwamba niliogopa. Angenicheka, labda angekasirika, kisha angekwenda mwenyewe Asiatique kubadilisha oda. Badala yake nilimwambia kwamba matanuri yote ya umeme hujifunga. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

"Yote?"

"Yote, shangazi."

"Basi. Si weye umeyatengeneza."

Vyungu vya kwanza vilitoka siku ya pili, vimepoa, vina rangi moja kama matofali. Alikigeuza kimoja, akakigonga kwa kucha, akasema kimeiva. Kweli viliiva, hakuna kilichopasuka, na mimi niling'ang'ania hilo kwa wiki kadhaa. Maji ya magome aliendelea kuyachemsha mara mbili tatu. Alijaribu kuyapaka kwenye chungu kilichopoa, yakachuruzika mpaka chini bila kuacha kitu. Akaacha kuyachemsha. Hakunilaumu hata kidogo, na mimi kila wiki nilijiambia nitasema wiki ijayo, nikishapata maneno mazuri.

Siku hizi anafinyanga vyungu vya maua. Jumapili iliyopita alikuja mama mmoja, mteja wake wa zamani, akauliza vile vya madoa viko wapi. Nilikuwa nimekaa hapo hapo nje, nakunywa chai.

"Vile viliisha," shangazi alisema. "Umeme haukubali. Huyu mutoto wa kaka yangu alitafuta dunia nzima, na amesoma chuo, lakini hakupata."

Akaninyooshea mkono ili mteja anione vizuri. Yule mama akanipongeza kwa kumhangaikia shangazi yangu. Nikasimama, nikampa mkono, nikamshukuru.