Tanga Langu Kwenye Ufuta wa Mama Mkwe

Hili huwa nalisimulia nikiangalia chini, maana ukianguka sokoni unajikung'uta, unaondoka, unaenda kuwa mtu mpya mtaa wa pili, lakini ukianguka ukweni kesho yake unaamka huko huko, kwa sababu ndiko unakolala. Na mimi nalala ukweni. Kwa desturi ya kwao mke wangu mwanamume akioa anahamia upande wa mke, kwa hiyo nilipomwoa Somoe nikatoka kwetu Nachingwea nikaja huku Mbekenyera na begi moja la nguo na furushi refu ambalo kila aliyeliona kwenye bodaboda aliuliza ni chatu wa nani.

Lilikuwa tanga. Si la mtumbwi, hapana, ni tanga la ule mchezo wa kusimama kwenye ubao juu ya maji, unashika tanga kwa mikono miwili na upepo unakupeleka. Nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa kisiwani, nikiwafundisha wageni wa hoteli, na siku ya kuagana bosi akanipa tanga moja kuukuu pamoja na mlingoti na mshikio wake. Ubao hakunipa, na hata angenipa ningeutelezesha wapi, kwenye mikorosho? Lakini jamani, mikono ikishazoea kuvutwa na upepo haisahau. Mpaka leo nikiwa shambani, ule upepo wa mchana ukianza, najikuta nimeshika jembe huku nimejilaza nyuma kidogo, nausubiri univute.

Sasa ukafika wakati wa kupiga ufuta, na mama mkwe turubai lake limetoboka. Mimi na mama mkwe hatuongei ana kwa ana (nikikutana naye njiani naingia majanini, naangalia pembeni mpaka apite, ndiyo heshima yenyewe), maneno yote yanapita kwa Somoe.

"Mama anauliza lile furushi lako halina kazi?"

Ningesema lina kazi, mkasa ungeishia hapo. Lakini mkwe hakataliwi kitu. "Mwambie alichukue," nikasema, tena kwa ukarimu mkubwa, wala sikukumbuka kutoa mbavu zilizomo ndani.

Niwaeleze kidogo. Tanga la namna hii lina fito nyembamba zilizopita ndani ya mifuko iliyoshonwa, kutoka kwenye mlingoti hadi ukingo wa nyuma. Sisi tuliziita mbavu, kwa sababu ndizo zinazolipa tanga umbo. Bila hizo linapigapiga kama kanga kwenye kamba. Basi chukua kitu hicho, kitandaze uani, mwaga ufuta juu yake, halafu waite akina mama wenye fimbo.

Jioni Somoe akarudi. "Mama anashukuru sana, turubai zuri, halipitishi hata punje. Ila kuna kijiti humo ndani kimelia kwaa, kikakatika! Sasa anasema, kwa kuwa limeshavunjika, si tulikate tu? Kipande cha ufuta, kipande cha korosho."

Nilihisi kama wanapanga kunikata mimi. "Halijavunjika. Ni ubavu mmoja tu. Nautoa, naweka mwingine, linakuwa zima."

"Zima kwa kazi gani?"

"Utaliona likisimama," nikasema.

"Haya. Likisimama litabaki lako. Lisiposimama, mama ana kisu."

Kazi yenyewe si ngumu, msiiogope. Unaanzia ukingo wa nyuma, kwenye kile kifungo kinachokaza ubavu. Unakilegeza taratibu na kukitoa, kisha unavuta. Nusu ya kwanza ilitoka kirahisi. Nusu ya pili ilibaki ndani kabisa, upande wa mlingoti, na hapo usitie nguvu, maana ncha iliyovunjika ina nyuzi kali zinazochana mfuko na kuingia vidoleni. Nililikunja tanga kidogo mbele yake, nikawa nakisukuma kipande kwa nje, kidogo kidogo, mpaka kikachungulia. Nikakizungushia solotepu kwenye ncha, nikakitoa bila kuchana kitu. Nikaweka vipande viwili chini, nikavipanga ncha kwa ncha ili kupata kipimo cha ubavu mpya. Nikatafuta mwanzi mkavu ulionyooka, nikaupasua, nikauchonga, upande wa mbele mwembamba ili upinde, upande wa nyuma mnene. Nikaupiga msasa hadi ukateleza kama sabuni, nikauingiza, nikarudisha kifungo, nikakaza mpaka mikunjo ya kitambaa ikapotea. Ukifika hapo unaacha. Niliacha. Hadi hapo nilikuwa mwalimu mzuri.

Wenzangu, ningelisimamisha ndani ya ua, Somoe akaona, yakaisha. Lakini nikawaza, tanga bila upepo ataona nini? Nikalibeba hadi kiwanjani, juu ya ule mteremko ambao chini yake akina mama walikuwa wakipepeta (na wao walichagua mahali hapo kwa ajili ya upepo huo huo, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifikiria). Nikachimbia kitako cha mlingoti kwenye kishimo, nikashika mshikio, nikalinyanyua.

Likajaa. Wallahi likajaa vizuri, ule mwanzi ukapinda na wenzake kama umezaliwa nao, na ile sauti ya kitambaa kukaza, pah, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nioe, ikanipita mwilini mzima.

"Somoe! Umeona?"

"Nimeona! Sasa literemshe!"

Mwanafunzi yeyote, siku ya kwanza kabisa, nilimfundisha jambo moja: ukizidiwa, achia. Upepo ukaongezeka, mlingoti ukachomoka kwenye kishimo, nikazidiwa, na sikuachia. Nikaanza kukimbia, hatua ndefu ndefu, nusu niko ardhini nusu niko hewani, mteremko wote, na chini nikasikia sauti ya Bi Zainabu, shoga yake mama mkwe: "Jamani mkwe wenu anaruka! Mkamateni!" Mwingine akajibu, "Nimkamate mimi nani? Mkwe hashikwi!" Wakatawanyika na nyungo zao, wote isipokuwa mmoja, ambaye alikuwa ameinama akifunga gunia na hakunisikia.

Tulifunikwa wote wawili. Ufuta uliopepetwa tangu asubuhi ukaruka juu na kutunyeshea. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya tanga, na uso wa mama mkwe uko mkono mmoja kutoka uso wangu, una ufuta hadi kwenye kope. Mimi ambaye nikimwona njiani huingia majanini.

Tukatazamana. Pakawa na mwanga wa buluu, rangi ya tanga, humo ndani, na upepo bado unalitikisa tanga juu yetu.

"Umeumia?" akauliza. Maneno yake ya kwanza kwangu.

"Hapana, mama. Wewe je?"

"Sijaumia." Akatema ufuta. "Toka basi."

Nje Bi Zainabu alikuwa anapiga vigelegele huku wengine wamekaa chini kwa kucheka. Nilipokea jina siku hiyo hiyo, Ndege, na mpaka bodaboda wa Ruangwa mjini wananiita hivyo. Tanga lilichanika kipande upande wa chini, nimeshalishona. Ubavu wa mwanzi haukuguswa.

Kesho yake nilipeleka kuku wa kuomba radhi, nikakaa nje ya ua kama inavyotakiwa, Somoe akaingia naye. Alikaa ndani muda mrefu, nikajua nafukuzwa. Akatoka hacheki.

"Kuku amempokea. Tanga amesema ni lako, lilisimama, ameliona." Akakaa kando yangu. "Anauliza kitu kingine. Anasema mle chini ya tanga ulikuwa unacheka. Tangu unioe hajawahi kukuona unacheka vile. Anaona moyo wako bado uko baharini, sasa anauliza, ukirudi huko, mimi mwanawe unaniacha au unanichukua?"

Kuanguka nimekuzoea, hata jina nimelizoea. Hilo la kuonwa nikicheka ndilo linalonifanya niangalie chini, maana mimi mwenyewe sikujua kwamba nilikuwa nacheka.

"Mwambie," nikasema, "tukishauza korosho tunakwenda wote wawili, ukaone, halafu tunarudi."

Somoe akageuka kwenda kusema, lakini hakuwa na haja. Kutoka nyuma ya ukuta, mama mkwe, kwa sauti yake mwenyewe, akajibu:

"Nimesikia. Nitahesabu wanaorudi."

Kwa hiyo nimeapa. Sitalisimamisha tena tanga juu ya nchi kavu, hata ukweni wanibembeleze. Na siku nitakayolisimamisha juu ya maji, ukinizidi upepo, nitaachia.